Ukumbi Tulioupaka Polishi

Enzi zetu, jumba moja lilitosha maisha yote. Sisi tuliokulia Kangemi, Nairobi, miaka ya elfu mbili tulikuwa na ukumbi wetu upande wa kwenda Muthangari, wenye paa la juu sana na madirisha ambayo sikuwahi kuyaona yamefunguliwa. Humo ndimo tulimochanjwa surua tukilia, ndimo wazazi walimopigia kura, ndimo mabondia walimofanyia mazoezi. Jumapili kanisa lilisali humo, nayo magoli ya mpira wa kikapu yalifunikwa mashuka meupe kwa heshima. Jumatatu ungekuta kunanukia maua, jasho na pilau. Watoto wa leo wana kila kitu ndani ya simu na bado wanalalamika kwamba hakuna pa kwenda.

Ukumbi ulitunzwa na Mama Ndinda, Mkamba mwenye kicheko kikubwa na sheria zisizokwisha. Alituruhusu sisi wasichana wa darasa la saba kucheza voliboli humo kila Jumanne, mradi tufagie. Kapteni wetu alikuwa Mwende, rafiki yangu tuliyepanga naye ploti moja. Baba yake alikuwa amehamishwa kazi, na Jumatatu familia nzima ingehamia Makueni. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi dhidi ya shule moja ya Lavington, mtaa wa matajiri, ilikuwa yake ya mwisho nasi, na mimi nilitaka awe na siku ya kukumbuka.

Wazo lilikuwa langu. Kwetu sakafu haikuhesabiwa kuwa safi mpaka ing'ae. Nyumbani kwetu na shuleni tulipaka polishi kwenye saruji, kisha mmoja akakalia blanketi kuukuu na wawili wakamburuta huku na huku hadi uone meno yako chini. Basi Ijumaa baada ya masomo, Mama Ndinda akiwa ameenda kuwaona wenye harusi ambayo ingefanyika humo kesho yake baada ya mechi, tuliipaka sakafu ya mbao ya ukumbi na kuburutana kwa vicheko mpaka mikono ikauma. Iling'aa kweli. Nilienda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Jumamosi, msichana wa kwanza wa Lavington alikimbilia mpira akapita chini ya wavu kwa makalio. Wa pili akamfuata, kisha mmoja wetu. Mama Ndinda akainama, akagusa sakafu, akanusa kidole.

"Nani amepaka polishi kwa mbao?"

Mwende aliinua mkono kabla yangu, ilhali yeye alikuwa amekalia blanketi tu. Refa akasema hakuna mechi, mtu atavunjika mguu. Wakati huohuo magari yenye riboni yakaanza kupiga honi nje, harusi imefika. Mwende alikaa kwenye ngazi akivua soksi zake, nami nikalia, kwa sababu nilijua nilichomnyima.

Bibi harusi aliposhuka garini aliuliza watoto wanalia nini. Mama Ndinda akamweleza. Yule dada akaingia, akaitazama sakafu, akatazama viatu vyake vya kisigino kirefu.

"Si ningeanguka hapa mbele ya mama mkwe," akasema. "Leteni maji moto na sabuni. Tukimaliza kusugua, hawa wacheze kwanza. Chakula itangoja."

Hakuna aliyebishana na bibi harusi siku yake. Shangazi zake walivua viatu, wakajifunga leso juu ya nguo za sherehe, wakapiga magoti nasi wakiimba. Wasichana wa Lavington nao walipewa matambara. Mmoja wao, Tasha, aliniuliza kwa sauti ya chini tambara linakamuliwaje, nikamfundisha. Mwenzake Achieng alisugua kwa bidii kuliko sisi sote.

Tulicheza pekupeku, timu zote mbili, waalikwa wamezunguka uwanja na soda mkononi. Tulishindwa seti ya mwisho kwa pointi mbili. Mwende alicheka tangu mwanzo hadi mwisho, kisha wote kumi na wawili tukapewa meza moja karibu na keki, tukala wawili wawili kwenye sahani. Sijawahi kufurahia chakula vile.

Siku hizi jumba kama lile lina milango ya vioo na askari getini, na harusi haiwezi kukutana na mechi hata kwa bahati mbaya. Mwezi uliopita nilimchukua binti yangu huko baada ya mchezo. Walikuwa wameshinda, na video alikuwa ameshaituma kila mahali. Nilimuuliza wale waliocheza nao wanaitwa nani. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu, akasema hajui, jezi zao zilikuwa za kijani.

Tasha, Achieng, Njoki, Priya, Sharon na Nduta. Nilimtajia wote sita, tukiwa njiani kwenda nyumbani.