Zamu ya Mkono wa Kushoto

Zamani mwalimu alikohoa na darasa zima likanyamaza. Siku hizi darasa linakohoa na mwalimu ndiye anayenyamaza. Huyu tunayemsimulia alikuwa wa zamani. Alifundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi walimwita Imla, kwa sababu kila kipindi chake kilianza vilevile: madaftari wazi, kalamu mkononi, yeye anasoma sentensi kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya bonde, wao wanaandika. Hakukuwa na picha, wala nyimbo, wala kukaa wanne wanne kama wacheza karata. Kulikuwa na ubao, chaki na hofu kidogo, na waliojifunza walijifunza.

Kifaransa chenyewe hakukipata chuoni. Alikipata kwa redio ndogo na kitabu cha sarufi kisicho na jalada, akikariri huku analinda ghala la saruji. Leo kijana ana vyeti vya kujaza sanduku, ukimpa chaki anaishika kama sigara. Lakini tusitoke njiani. Hadithi hii si ya kumsifu Imla.

Ilikuwepo hila moja aliyoirithi kwa walimu waliomtangulia, tangu enzi za wakaguzi waliokuja na gari la serikali. Mkaguzi akiwa ndani, mwalimu akiuliza swali, kila mtoto ananyoosha mkono. Anayejua jibu ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua mikono ya kulia tu. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anakunywa chai ofisini, anaondoka zake. Hakuna aliyeumia. Hivyo ndivyo Imla alivyojiambia miaka yote.

Siku moja mkuu wa shule, mtu mdogo kwa Imla kwa miaka ishirini, alimwita ofisini.

"Mzee wangu, Jumanne anakuja mtafiti kutoka chuo cha ualimu. Anachunguza ufundishaji wa lugha za kigeni. Anakaa nyuma ya darasa, anahesabu kila mtoto amesema mara ngapi."

"Anahesabu? Watoto ni mayai?"

Mkuu alicheka. "Ndiyo mambo ya sasa. Atakakoona watoto wamebaki nyuma, chuo kitaleta walimu wasaidizi, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Ila Mzee wangu, mimi nimeshawaambia Kifaransa chetu ni cha mfano. Usinivue nguo mbele za watu."

Darasa lake la kidato cha pili lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Tisa kati yao, baada ya mwaka na nusu, hawakuweza kusema kwa Kifaransa hata jina la mtaa wanaokaa. Imla aliwajua. Walikaa upande wa dirishani, kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika. Mmoja wao, binti mrefu, alijaza pembezoni mwa daftari lake ndege na viatu, na wenzake walimwita Mchoraji. Msaada ule wa chuo ulikuwa umekatwa na kushonwa kwa vipimo vya watoto hawa tisa. Imla alilijua hilo pia.

Nyumbani alimweleza mkewe, aliyekuwa fundi cherehani. Mke hakuinua macho kwenye pindo.

"Basi si waonekane hao watoto, wasaidiwe?"

"Wakionekana wao, naonekana mimi."

"Mficha uchi hazai, baba watoto."

"Wewe shona."

"Nashona. Wewe ndiye unayetoboa."

Jumatatu alilipanga darasa. "Anayejua, kulia. Asiyejua, kushoto. Asibaki mkono mezani."

"Mwalimu, sisi wa kushoto je?" aliuliza Mchoraji.

"Kushoto ni kwa kesho tu. Zamu yenu inakuja."

"Sisi ndio benchi," alisema mvulana wa nyuma yake. "Tunavaa jezi, hatuingii uwanjani." Darasa likacheka, na Imla akacheka nalo.

Mtafiti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya kawaida, ubao mdogo wa kuandikia magotini. Alimwamkia Imla shikamoo kwa heshima zote, akaomba kiti cha nyuma. Kwenye karatasi alikuwa amechora madawati yote, dawati kwa dawati, na penseli yake ilisubiri.

Kipindi kilikwenda kama maji mferejini. Imla aliuliza kwa Kifaransa: baba yako anafanya kazi gani? Mikono arobaini na miwili juu. Akachagua, jibu likatoka safi. Umeamka saa ngapi? Mikono juu. Akachagua tena. Dakika ya ishirini alianza kujiona kijana. Alitembea kati ya madawati, mikono nyuma, akiwapita wale tisa wa dirishani na mikono yao ya kushoto iliyonyooka vizuri kuliko ya wengine wote. Mchoraji aliushikilia wake kwa mkono wa kulia usichoke.

Mwisho akauliza, kwa mazoea tu, kama kuna mwenye swali.

Nyuma kabisa, mtafiti alinyoosha mkono. Wa kushoto.

Aliunyoosha tu, kiwiko sawasawa, kama mtoto wa shule. Watoto waligeuka, wakamwona, wakamgeukia mwalimu wao, na kicheko kikaanza chini chini kama maji yanayotaka kuchemka. Imla aligeukia ubao, akaanza kuufuta. Kengele ikamwokoa, lakini kengele haiokoi mtu zaidi ya dakika moja.

Darasa lilipotoka, mtafiti alisogea mbele akakaa dawati la tatu, upande wa dirishani.

"Nilikaa hapa, Mwalimu. Hukunikumbuka?"

Imla alimtazama usoni akatafuta, akatafuta. Hakupata kitu.

"Hamkuwa wachache," alisema.

"Miaka miwili nilinyoosha wa kushoto kila alipokuja mgeni. Asipokuwepo mgeni, sikunyoosha kabisa. Hukuniita hata siku moja." Hakusema kwa hasira, afadhali angekuwa na hasira.

"Mbona Kifaransa umekijua?"

"Nilikipata kazini, mapokezi ya hoteli. Mgeni akija na shida yake haulizi wewe ni wa mkono gani. Anakusemesha, unakosea, anacheka, unajaribu tena." Alitoa karatasi. "Nimehesabu, Mwalimu. Waliosema leo ni kumi na wanne. Tisa wa hapa dirishani hawakufungua mdomo. Lakini karatasi yangu lazima ikubaliwe na mwenye darasa. Naweza kurudi Alhamisi, ufundishe kama siku zote, nione wanapokwama, niwaombee wale wasaidizi. Au uandike hapa kwamba watoto wote wanaweza, ila leo tu hukuwafikia, utie sahihi. Nami nitalipeleka darasa hili kama ulivyoandika."

"Alhamisi mkuu atajua?"

"Atapata nakala."

Imla aliiona nakala ile mezani kwa mkuu. Aliwaona walimu vijana wa vyeti wakiisoma wakati wa chai: mzee wetu wa miaka thelathini na mmoja, watoto tisa hawajui kutaja mtaa! Aliiona redio yake ndogo na lile ghala la saruji, vyote vikichekwa. Halafu akawaona wale tisa pia. Asidanganye mtu kwamba hakuwaona.

"Wote wanaweza," alisema.

"Mwalimu."

"Lete kalamu."

Alitia sahihi kwa mwandiko wa zamani, ule wenye mikia, ambao siku hizi hakuna anayeufundisha. Mtafiti aliitazama ile sahihi, akakunja karatasi, akamuaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo. Adabu ile ilimchoma kuliko tusi.

Wasaidizi walipelekwa shule ya jirani. Mkuu alimsifu Imla mbele ya walimu wote, wakapiga makofi, naye akayapokea makofi yale akiangalia kucha zake. Kuanzia wiki ile alijaribu kuwaita wale tisa darasani. Alipomwita Mchoraji, binti alisimama, akafungua mdomo, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua, akakaa. Imla hakujua la kufanya na mtoto asiyejibu. Thelathini na mmoja ni miaka mingi ya kutojua jambo hilo. Akarudi kwenye imla.

Mwisho wa mwaka tisa walianguka. Kanuni ya shule ilikuwa moja: aliyeanguka lugha anaiacha, anahamia mkondo mwingine, jengo la ng'ambo ya uwanja. Walikuja stoo kurudisha vitabu, na Imla aliwapokea mmoja mmoja, akiweka alama kwenye orodha. Mchoraji alikuwa wa mwisho. Kitabu chake kilikuwa kisafi kama kipya. Ndege wote walikuwa kwenye daftari.

"Mwalimu," alisema, bila ujeuri wowote, kama anayeuliza saa. "Sisi wa kushoto, zamu yetu ilikuwa lini?"

Imla alikohoa. Zamani kikohozi kile kingetosha. Binti aliendelea kusubiri, kisha akasema, "Haya, Mwalimu, asante," akatoka.

Imla alisogea kwenye dirisha la stoo. Wote tisa walikuwa wakikatiza uwanja, kila mmoja na kiti chake kichwani, kwa kuwa jengo lile halikuwa na viti. Yule mvulana wa benchi alikuwa akiwachekesha wenzake kwa maneno ambayo Imla hakuyasikia. Katikati ya uwanja Mchoraji alisimama, akatua kiti, akageuka, akamwona mzee dirishani. Akanyoosha mkono kumpungia.

Imla aliinamisha macho kwenye orodha kabla hajaona ni mkono upi. Alipoinua uso tena, uwanja ulikuwa mtupu.