Chango la Kwetu

Swali nililolijibu haraka kuliko yote ndilo nililokosea.

"Kwenu kuna mwanamke mwenye ugonjwa huu?" daktari aliuliza. "Mama, dada, mama wadogo, hata upande wa baba?"

"Hakuna."

Akaandika. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa amejikunja kwenye kiti, mikono tumboni. Kila mwezi alikosa shule siku tatu. Daktari alishuku endometriosisi: tishu kama ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Alisema huweza kufuata ukoo. Si jeni moja, ni nyingi, kila moja huongeza hatari kidogo, na si kila anayezirithi huugua. Ila kama kwetu hakuna, basi tujaribu dawa za maumivu na turudi baada ya miezi mitatu.

Jumamosi tulivuka ziwa kutoka Mwanza kwenda Nansio kwa mama yangu. Alimtazama mjukuu wake akitembea ameinama, akaitikia shikamoo yake huku anacheka.

"Marahaba. Karibu chamani."

"Chama gani, bibi?"

"Cha chango. Mimi mwenyekiti, mdogo wangu katibu. Mama yako tu ndiye aliyenyimwa kadi."

Neno hilo nimekua nalo. Kila mwezi chango lilimlaza mama mkekani, kando ya mihogo aliyoianika, akijikanda tumbo kwa chupa ya maji ya moto. Mama mdogo aliachwa na waume wawili kwa kukosa mtoto, na lawama zikaenda kwa chango. Lakini hakuna aliyeliita ugonjwa. Lilikuwa letu, kama mwanya wa meno. Daktari aliuliza kuhusu ugonjwa, nami, ambaye maumivu hayo yalinipita, nikamjibu kwa Kiswahili cha nyumbani.

Nikatoa daftari. Chango lilianza una miaka mingapi? Lilikulaza siku ngapi? Mama alijibu yote, utani ukampungua.

"Niliambiwa nikizaa litaisha," alisema. "Nikakuzaa. Halikuisha."

"Ukamwambia nani?"

"Nani aliuliza?"

Sikuandika hilo. Nilikuwa nakumbuka kwamba mwezi uliopita tu nilimwambia binti yangu, "Utazoea."

Jumatatu tulirudi Mwanza moja kwa moja hadi kwa daktari. Nikamwomba afute lile "hakuna," nikamsomea daftari: bibi yake, na mdogo wake bibi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo halithibitishi kitu, ila linatosha kutosubiri. Akakata tarehe ya miezi mitatu, akaandika rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake, wiki hiyohiyo.

Tulipotoka, binti yangu aliomba simu yangu.

"Nimwambie bibi nimejiuzulu?"

"Bado," nikamjibu. "Mwambie tunataka katibu naye aje apimwe."