Somo la Dini na Kisu cha Baba

Mwaka wangu wa mwisho shuleni nilikuwa wa kwanza katika somo la dini ya Kikristo, na baba yangu alikuwa mchinjaji wa kijiji cha Waislamu karibu na Msambweni. Mtu mwenye akili angeona mapema kwamba mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Sisi hatukuona. Baba alijua ng'ombe, mimi nilijua kukariri, na kila mmoja alidhani kazi yake haimgusi mwenziwe.

Shule ilikuwa ya bweni, ya wamisheni, upande wa Kinango. Miaka hiyo ya hamsini darasa la nane halikuwapo karibu na kwetu, kwa hivyo baba akanipeleka huko na sharti moja tu: nisome chochote, nisibatizwe. Wakakubali. Wakamwambia pia kwamba mzazi Mwislamu akitaka, mtoto wake hutoka nje wakati wa kipindi cha Dini akafagia uwanja. Baba akasema kufagia nimekwisha kujua, niachwe ndani.

Nikalipenda somo lile. Sikuliamini, nililipenda kama mtu anavyopenda mchezo anaoshinda. Wafalme, vita, safari, nani alimzaa nani, nikisikia mara moja limeingia. Na shule ya upili ya wamisheni, ile tuliyoiota sote darasani, ilitazama alama za Dini kabla ya Hesabu na Kiingereza. Mwalimu mkuu aliniambia wazi kwamba nafasi yangu ipo, mradi nisilegee. Mvulana asiye na Dini hakuwa hata na haja ya kuomba.

Siku ya kufunga muhula wa kwanza nilisimamishwa mbele ya wazazi, nikasoma sala kwa sauti na kupewa kalamu ya wino. Baba hakuja, maana ng'ombe walikuwa wanamfikia siku ile. Aliyekuja ni jirani yetu, ambaye mpwa wake alikuwa darasa la tano pale. Alinipigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kisha akapanda lori la mwanzo, akafika kijijini kabla yangu.

Nilipofika nyumbani baada ya siku chache nikakuta nyama. Nyama asubuhi, nyama mchana, nyama usiku. Maini, mbavu, sarara, vitu ambavyo mtoto wa mchinjaji huvisikia tu vikiitwa majina vikipita kwenda kwa wenye nacho. Siku mbili za kwanza nilifurahi kama mjinga. Siku ya tatu nikamwona mama akipaka chumvi mapande mengine na kuyaanika juu ya paa la jiko, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye neema. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba watu hawanunui, na kwamba nikitaka kujua zaidi nikamuulize aliyenifundisha kusali.

Nilikwenda kukaa na baba kibandani anapouzia nyama, nikaona kwa macho yangu. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana. Walipita mmoja mmoja, wakamwamkia vizuri, wakamuuliza hali ya nyumba, hali ya mifugo, hali ya kijana aliyeko shule. Kisha huyu leo kaletewa samaki na mkwewe, yule tumbo limekataa nyama wiki hii, mwingine ana mgonjwa anayetaka uji tu. Shikamoo, marahaba, Mungu akuzidishie. Halafu wakenda kumngoja mchinjaji wa kijiji cha pili, aliyekuwa akileta nyama kwa baiskeli, na nzi juu yake.

Baba akaenda kwa imamu. Imamu alikuwa mtu mwadilifu, akalisema jambo lile hadharani baada ya sala: mchinjaji anaitakidi, anasali, anataja jina la Mungu, nyama yake ni halali tupu na asiyeila anajinyima mwenyewe. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Wiki ile yote hakuna mtu aliyetumwa kutoka nyumba ya imamu kuja kununua hata mfupa wa supu.

Niliwachukia. Wengine wao wamekwisha kufa, nami nawachukia vilevile.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, ndiye aliyenieleza bila kuzunguka. Alisema nyumba ambayo mtoto anasali sala ya Kikristo, nani atajua mkono wa baba umetaja nini kisu kikishuka? Niache Dini, nifagie kama wenzangu. Nikamwambia nikiacha Dini, shule ya upili nimeikosa. Akasema baba akikosa kuchinja, tutakosa vyote pamoja na hiyo shule. Baba mwenyewe hakuniomba niache wala hakuniomba niendelee. Alikaa anakinoa kile kisu chake ambacho hakikuwa na kazi, na mimi nilitamani anipige tu niwe na sababu.

Mwisho nikamwambia naacha. Nilisema kwa hasira, kama ninayemtupia kitu. Yeye alikipokea kwa mikono miwili. Jioni ile ile alikwisha kupanga: Ijumaa, sala ikisha, nitachinja fahali mimi mwenyewe mbele ya watu wote, na nyama itakuwa sadaka, igawiwe kila nyumba. Watanisikia ninavyotaja jina la Mungu, watakula kutoka mkononi mwangu, na mambo yatakwisha. Fahali huyo alikuwa wa mwisho zizini.

Walikuja wote. Wanaume wakamwangusha fahali wakamwelekeza kibla, baba akanipa kisu, nami nikalitaja jina la Mungu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Kikoneni. Baba akakata mafungu, mimi nikayafunga katika majani ya mgomba na kuyakaza kwa kamba za ukindu, fundo la mara mbili kama alivyonifunza nikiwa mdogo. Sadaka hairudishwi. Kila mtu alipokea fungu lake, akanishika kichwa, akaniombea dua. Jirani yetu wa makofi alilia machozi. Usiku baba alicheka, akamtania mama kuhusu ile nyama ya paa la jiko, akasema sasa na sisi turudi kula mchicha kama watu.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kurudi bwenini. Baba alilibeba sanduku langu begani mpaka barabarani kungojea lori, ingawa nilimwambia nitalibeba mwenyewe. Njia inapita kando ya jaa, pale kijiji kizima kinapomwaga taka. Mbwa walikuwa wengi, wanagombana. Tukasogea, wakatawanyika.

Mafungu yalikuwa pale. Machache yalikuwa yamepasuliwa na mbwa. Mengine yalikuwa yamewekwa juu ya takataka, moja juu ya jingine, majani bado mabichi, na mafundo yangu ya ukindu yamekaza kama nilivyoyakaza. Hata hawakufungua kutazama wamepewa nini.

Baba alisimama. Sanduku lilikuwa begani, kwa hiyo sikuuona uso wake. Kisha akasema, "Mbwa hawa ni wezi. Wameingia majumbani kwa watu."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Ukifika, waambie leo leo kwamba Dini umeiacha. Usingoje kesho."

Nikasema ndiyo tena. Tukaenda zetu barabarani, naye akaanza kunieleza habari za ng'ombe wapya atakaowatafuta, na bei atakayowauzia watu, nafuu kidogo, maana wamekuwa wema kwetu. Nilikuwa na njia yote mpaka shuleni ya kufikiri. Nikiendelea na Dini napata shule ya upili, na sipotezi chochote, kwa kuwa nyama ile ilikuwa imekwisha kutupwa. Lakini nikiendelea, nitakuwa nimemwambia baba kwamba niliyaona yale mafundo.

Mwalimu mkuu hakuamini. Aliniketisha ofisini, akanikumbusha kwamba nilikuwa wa kwanza, akanikumbusha nafasi yangu atapewa nani. Akauliza kama baba yangu amenilazimisha. Nikasema hapana. Akauliza kama kijijini wamenitenga. Nikasema hapana, wananipenda sana, jana nimechinja fahali na kila nyumba imekula.

Akaivuta orodha ya shule ya upili, akachukua kalamu, akafuta jina langu.