Transfoma Niliyoibeba Kutoka Mbeya

Habari hii niliipata kwa simu. Jumatatu asubuhi niliinua simu hapa ofisini Mbeya, nikaomba niunganishwe na Iringa, na sauti iliyoitika kule ilikuwa ngeni. Kwa miaka mingi nimezoea kila nikiomba Iringa kumsikia mwanamke mmoja mwenye sauti nzito kidogo akinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Mwandishi. Leo unamtafuta nani?" Nikamuuliza huyu mgeni, yule dada yangu yuko wapi, amekwenda likizo? Akasema polepole, "Kaka, hujapata habari? Tumemzika juzi Jumamosi." Nikamwambia hapana, umechanganya, mimi namuuliza yule wa siku zote. "Ndiye huyo huyo, kaka. Homa ya siku tatu tu. Jumanne alikuwa hapa, kwenye kiti hiki nilichokalia." Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akaniuliza, "Nikuunganishe na nani?" Sikukumbuka. Nilirudisha simu mahali pake nikakaa nikiutazama ukuta, na hadi leo sijui asubuhi ile nilikuwa nataka kuzungumza na nani.

Wasomaji wangu wengi mmewahi kumsikia bila kumjua. Yeyote aliyepiga simu kupitia Iringa miaka hii alipita mikononi mwake. Alikuwa Mhehe, mzaliwa wa vijiji vya nje ya mji, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na hakuwa amefika umri wa miaka thelathini na mitano. Serikali ilimwajiri aunganishe simu. Kwa vile alikaa miaka mbele ya mtambo ule, alijifunza kwa macho yake kila waya unakotoka na unakokwenda, na mafundi walipofungua makabati yeye alisimama nyuma yao na daftari. Mtambo ukiharibika, wakubwa walipeleka taarifa Dar es Salaam na kusubiri fundi. Yeye alikaa pale pale akiujua ugonjwa na dawa yake, ila hakuna aliyemuuliza.

Nilimfahamu nilipokuwa mwandishi kijana pale Iringa. Siku moja alinionyesha, chumbani kwake mtaa wa Mlandege, jambo ambalo sikuwa nimeliona wala kulisikia popote: mashine inayocheza na mtu. Alikuwa ameomba kwa barua apewe vipande vya mtambo wa zamani uliokuwa umeng'olewa, na akakubaliwa kwa kuwa vilikuwa vya kutupwa. Vingi vilikuwa rilei, yaani vile visumaku vya simu vinavyovuta na kuachia kwa mlio wa ka, ka, ka. Alivifunga katika sanduku la mbao, mbele akaweka bati lenye vitufe vitatu, na juu yake taa ndogo ishirini na moja katika mstari mmoja. Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa vijiti ambao wafanyakazi wa simu walichezea njiti za kiberiti kazi ikipungua. Unaanza wewe, unazima taa moja, mbili au tatu. Mashine nayo inazima moja, mbili au tatu. Anayebakiwa na taa ya mwisho ameshindwa. Nilicheza mara sita kwa umeme wa betri za lori alizoazima kwa siku ile moja, nikashindwa mara sita, nikainama kutazama chini ya meza kama kuna mtu. Alicheka hadi akakaa sakafuni. "Hakuna uchawi, Mwandishi. Ukizima moja, yenyewe inazima tatu. Ukizima mbili, inazima mbili. Kila mkizunguka zinaondoka nne, na ile ya ishirini na moja inakusubiri wewe."

Wakati huo yalikuwa yanakaribia maonyesho ya kazi za ufundi ya mkoa, na mashine ile ilikubaliwa iwekwe ukumbini. Ilibaki haja moja. Betri za lori zilikuwa adimu, mwenye lori amekwisha kuzidai, na yeye hakuwa na uwezo wa kununua nyingine. Ilibidi ipatikane transfoma ya kupunguza umeme wa ukutani, na kwa kuwa mimi nilikuwa na safari ya Mbeya, alinituma. Wenzake wa kazini walichanga kidogo kidogo. Nakumbuka nilimwambia kwamba transfoma ni jambo la mwisho, afadhali angepaka sanduku rangi kwanza. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mkaidi. "Watu wote wanaanza na rangi na taa. Mimi naanza na umeme. Mashine hii ikitulia haili kitu, hata betri za tochi zingeiwasha. Lakini kuna wakati rilei zote zinavuta pamoja. Usiipime ikiwa imelala, ipime inapoamka yote kwa mara moja." Akaniandikia karatasi. Transfoma iwe nzito, maana uzito ni chuma na shaba. Waya wake uwe mnene. Sanduku lake liwe na matundu ya kupumulia. Na mwisho: "Mwambie fundi aiwashe nusu saa ikiwa na mzigo. Weka kiganja juu yake. Ukishindwa kwa joto kuhesabu hadi kumi, iache huko huko."

Pale Mbeya, kwa fundi mmoja karibu na soko, nilikuta mbili. Moja ilitoka kwenye karakana ya magari, imechubuka, inanuka oili, nzito kama jiwe la kusagia. Nyingine ilikuwa mpya, nyepesi, ya rangi ya buluu, na ilikuwa na taa nyekundu inayowaka mbele. Fundi mwenyewe, Mnyakyusa asiyependa maneno mengi, aliisoma karatasi yangu akasukuma ile chafu upande wangu. "Aliyeandika hapa anataka hii." Mimi siku ile nilikuwa nimevaa suti ya safari ambayo ndiyo kwanza imetoka kwa fundi cherehani, na nilijiona mtu fulani. Niliwaza nitaketije kwenye basi hadi Iringa na lile donge la oili mapajani. Nikasema nataka ya buluu. "Basi tuiwashe nusu saa," akasema. Nikatazama saa, nikamwambia basi litaniacha. Nililipa nikaondoka.

Basi lenyewe lilikwama Makambako siku nzima na ushei, nikaingia Iringa asubuhi ile ile ya maonyesho. Nilimkuta ukumbini akinisubiri, nyaya ziko tayari. Aliipokea transfoma kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha.

"Nyepesi."

"Ni ya kisasa, dada."

"Ulihesabu hadi kumi?"

"Nilihesabu," nikasema.

Nimeandika mamia ya makala tangu siku ile, na hakuna neno nililowahi kutamani kulirudisha kama hilo. Alinitazama kidogo. Watu walikuwa wanaingia, wenyeviti na makatibu wanaketi mstari wa mbele. "Haya," akasema, "kama ulihesabu." Akaichomeka.

Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa mkoani, mwenye mwili na mwenye mzaha. Alibonyeza kitufe huku akiwakonyeza watu, rilei zikalia, taa zikazimika, na baada ya dakika moja akabaki na taa moja peke yake. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Mzee mmoja alizunguka nyuma ya sanduku kutafuta mtu aliyejificha. Mgeni rasmi akataka kurudia, akashindwa tena. Akataka ya tatu, na sasa hakuwa anatania. Hapo yeye dada akakunja uso na kunusa hewa. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale na sikunusa kitu. Nilichoona ni moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye ile buluu, na mgeni rasmi akiinama kuegemea bati la vitufe kwa kiganja kizima. Dada hakupiga kelele. Alimsukuma kwa bega kwa nguvu zake zote, yule mkubwa akaanguka chali mbele ya mkoa mzima, na yeye akanyoosha mkono kuchomoa waya uliokwisha kuyeyuka. Umeme ulimshika. Nilimwona akitetemeka, meno yameumana, kisha waya ukakatika, akarushwa kwenye viti. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua hadi ngozi imekuwa nyeupe.

Transfoma ilipoungua, umeme wa ukutani ulipenya hadi kwenye bati lile; angemwacha mgeni rasmi aliegemee, tungekuwa na maiti ukumbini. Lakini yule mkubwa hakulijua hilo, alijua tu kwamba ameangushwa na mwanamke mbele za watu. Alipoinuliwa na kupanguswa vumbi, afisa aliyesimamia maonyesho alikuja mbio. "Nani aliyeruhusu kifaa hiki kichomekwe?" Mimi nilikuwa pale pale, nimevaa suti yangu, karatasi ya maagizo yake imo mfukoni mwangu.

"Mimi, ndugu," akasema, amekaa sakafuni, ameushika mkono wake. "Nimekichomeka mimi."

Nilinyamaza. Nilijiambia nitasema baadaye, watu wakitulia. Kesho yake nilikwenda kumwona, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Kabla sijamaliza salamu akaniambia, "Hukuhesabu." Nikamjibu sikuhesabu. "Najua. Nilipoinyanyua nilijua, na bado nikachomeka. Tuyaache." Tukayaacha, au mimi ndiye niliyeyaacha. Baada ya miezi michache nilihamia Mbeya, nikapewa safu hii, na kila nilipoomba Iringa aliniunganisha kwa kicheko kile kile. Nilidhani deni langu lote ni kovu la kiganja chake.

Jumanne, kesho yake baada ya simu ile, nilipanda basi kwenda Iringa kwenye matanga. Mumewe, dereva wa malori ya barabara ya Zambia aliyemwoa baada ya mambo yale, alinipokea vizuri mno. Alinipeleka ndani, akafungua bahasha, akanipa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa mwezi mmoja kabla ya maonyesho: amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa mitambo ya simu. Ya pili ilifuata majuma mawili baada ya maonyesho: nafasi hiyo imefutwa, kwa kuwa mtumishi huyu ameonyesha hana uangalifu katika mambo ya umeme. Nilisoma mara tatu. Mtu aliyeniambia niweke kiganja nihesabu hadi kumi, ndiye aliyeandikiwa kwamba hana uangalifu! Nikakaa juu ya kitanda cha watu bila kukaribishwa.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza.

"Alisema ungejiumiza bure." Akazikunja barua. "Na alisema pia, samahani shemeji, kwamba anasubiri useme mwenyewe mbele ya wakubwa. Kila ukipiga simu alikuwa anasema, labda leo."

Nimekaa miaka katika safu hii nikiwakemea wengine. Nimewaandika mameneja wanaowatupia makarani makosa yao, nimewacheka wanaochagua vitu kwa kung'aa kwake, nimeuliza kwa nini tunasubiri mafundi kutoka mbali ilhali wanaojua wamekaa katikati yetu. Wasomaji wameniandikia kunisifu kwa ukali wangu. Kumbe Iringa ilikosa fundi wake kwa ajili ya suti yangu. Kila simu ilipokatika miaka hii, kila mgonjwa aliyetafutiwa daktari ikashindikana kwa kuwa mtambo umelala, sitajua kamwe ni mara ngapi mikono yake ingeunyanyua. Na huu si uzembe wa serikali ambao ningeweza kuuandika kwa raha. Niliufanya mimi, dukani, mchana kweupe, baada ya mtu anayejua kunisukumia kitu sahihi.

Kabla ya kuondoka nilisimama mbele ya wafiwa nikayasema yote, na karatasi ile niliyoitunza bila kujua kwa nini nikamkabidhi mumewe. Nilitegemea, nakiri, kwamba nitapata nafuu. Mama yake mzazi, ambaye Kiswahili chake ni cha shida, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi umetwambia nini? Sisi tulikuwa tunajua. Wale wa barua hawapo hapa." Hakusema kwa hasira. Alirudi kuketi na wenzake.

Basi nayasema hapa, wanapoweza kusoma wale wa barua. Mwanamke yule hakukosa uangalifu. Aliniagiza sawasawa, nikanunua kinyume, akaniuliza, nikamdanganya, na alipoona hatari aliokoa mtu kwa mkono wake. Faili lake, kama bado lipo, liandikwe hivyo. Najua halitampeleka chuoni. Na wewe msomaji, kama pale kazini kwako kuna mtu anayebeba kosa lako, usisubiri watu watulie, wala usimfuate pembeni ukiri kwake kwa siri kama nilivyofanya. Inuka uende kwa yule yule aliyemkaripia, mbele ya wale wale waliosikia, ulitaje jina lako. Fanya hivyo leo, wakati aliyebeba kosa lako angali hai kukusikia.