Rubisi ya Pipi

Kanyange wa Ntobeye ni mwanamke mwenye kinyaa. Nasema hivyo kwa heshima, maana mimi jirani yake nina kinyaa pia, na ndiyo sababu tumeelewana miaka yote. Hanywi chai kwa mtu kabla hajaiona sufuria. Nzi akitua kwenye ukingo wa kikombe, kikombe kinarudi kuoshwa, hata kama mwenye nyumba ni katekista. Watu humcheka, lakini wakiwa na harusi au ubatizo humfuata yeye awapikie rubisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa pombe ya ndizi ya Kanyange. Ndizi anazivundika mwenyewe, anazimenya mwenyewe, na wanaokuja kuzikanyaga kwenye mtumbwi wa mti ili kuzikamua wanaosha miguu mbele ya macho yake, kisha anawakagua kucha. Nimewahi kumwona akimfukuza mwanamume mzima kwa sababu alipiga chafya upande wa mtumbwi. Shamba lake ni dogo, mume alishafariki, na mtoto wake wa pekee pia. Alichobaki nacho ni hilo jina la upishi safi.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Niyonzima alimfanyia aliyomfanyia.

Niyonzima ni mtoto wa kaka yake, ana duka Mugoma. Ni mtu wa kucheka, meno yote nje, na mimi sijawahi kukipenda kicheko chake. Dukani kwake ndiko zilikoingilia zile pipi za kigeni, zimevuka mpaka kwa njia za panya. Zilikuwa pipi za kugeuza ulimi bluu kama wino, na jeli za kufyonza katika vikopo vidogo, zinateleza kama makamasi. Samahani, lakini ndivyo zilivyo. Pakiti zimeandikwa maandishi ambayo hata mwalimu mkuu hakuyaelewa. Zilipendwa mno. Watoto walirudi kutoka shule midomo kama ya watu waliotafuna betri, na wazazi wakaona ni mchezo.

Anatoli, bwana afya wetu, akaja kukagua. Hakuna tarehe ya kuisha, akasema, hakuna alama ya ubora, rangi yenyewe hairuhusiwi kwenye chakula, na jeli ile ikimteleza mtoto mdogo inamziba koo. Akazitoa rafuni, akazichoma nyuma ya ofisi ya kata. Moshi wake ulinuka sabuni. Mugoma nzima ikamlaani. Watu wazima, wenye watoto wao, wakasema serikali inaona wivu hata kwa kitu kitamu. Niliona aibu kwa niaba yao.

Alizitoa rafuni, lakini za stoo hakuziona.

Wakati huo Diane, binti wa Niyonzima, alikuwa amechumbiwa na Kazimili, kijana wa Kisukuma wa Nemba, kule Biharamulo, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Siku ya mahari ilipokaribia, Niyonzima akaja Ntobeye.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umenawa?"

Akanawa. Kisha akaomba rubisi ya wageni, mitungi mingi.

"Ndizi nitazitoa wapi?" Kanyange akamwuliza. "Ugonjwa wa mnyauko umemaliza migomba. Yangu nimeikata nikaifukia. Nitakupikia kidogo, iliyo safi. Atakayekosa atakunywa soda."

"Wakwe watasema tumewanyima."

"Waseme. Bora waseme nimewanyima kuliko waseme nimewalisha uchafu."

Akapika hiyo kidogo. Niyonzima akaja kuichukua, akaipeleka Mugoma, na stoo kwake akaiongeza. Aliyeyusha pipi zilizobaki katika maji ya moto, akazimimina kwenye pombe pamoja na jeli, akagawa katika mitungi, akaziba midomo kwa majani ya mgomba na kuiacha ichachuke upya. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, akicheka, kama mtu anayesimulia alivyookoa mtoto mtoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema wetu hakutia kitu. Aliyetia ni ndugu yake, na wala hayakuwa maji.

Sasa, kwetu aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza. Anavuta mrija mbele ya wageni na kumeza, ndipo wageni wanajua hamna sumu. Akishindwa kumeza, undugu umekufa hapohapo. Kwa hiyo siku ya mahari, wakwe wakiwa wameketi chini ya turubai na mzee Shibuda, baba wa Kazimili, yuko mbele yao, Kanyange alipiga magoti kando ya mtungi, akafunua majani.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza: sabuni, na kwa mbali, ndizi yake. Povu lilikuwa na rangi ya maji yaliyofuliwia sare za bluu za shule. Akavuta hivyohivyo, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake. Kipande cha jeli kikapanda kwenye mrija, kikatua juu ya ulimi wake, kikatikisika.

Kanyange akatema. Hakutema pembeni kwa adabu. Aliirusha yote kwa nguvu, fyuu, ikatua kwenye miguu ya mzee Shibuda.

Nilikuwepo. Nilifumba macho nisione harusi ikivunjika.

Nilipofumbua, mzee Shibuda alikuwa amesimama, uso umemjaa furaha. Kwa jamaa zake, wanaoshika dini ya mababu, mzee akipuliza pombe kutoka kinywani kuelekea ardhini, amewapa mababu sehemu yao na amewabariki walio mbele yake. Aliinama, akajipaka ule uchafu miguuni mpaka magotini.

"Hawa ndio watu wa kuoa kwao!" akasema. "Nilidhani watu wa kanisa hawajui mambo haya. Mama, umetubariki."

"Msinywe," Kanyange akaanza. "Hii siyo..."

Diane, aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake, akamshika kitenge. "Bibi, nakuomba. Ukisema kuna kitu kwenye pombe, watasikia sumu. Nyamaza tu."

Na Niyonzima akadakia kwa sauti ya mnadani: "Shangazi amebariki! Karibuni, wakwe!"

Kanyange alimtazama yule binti, akafuta ulimi wake kwa upindo wa kitenge, akanyamaza.

Wakanywa. Mungu wangu, walivyokunywa! Walifyonza vipande vya jeli kwa mrija, vikikwama wakavipuliza vikarudi mtungini, na mwenzao akavuta palepale. Masharubu yakawa ya bluu. Odeta, kiongozi wa kwaya yetu, mama wa heshima zake, alizunguka akiwatolea watu ulimi wauone. Kesho yake waliotapika walitapika rangi, na hata hilo wakalisifu. Pombe kali ile, walisema, safari hii Kanyange amevunja rekodi.

Yaani mwanamke aoshe miguu ya watu miaka yote hiyo, halafu asifiwe kwa kutapisha! Nilitamani kuwazaba vibao, mmoja baada ya mwingine.

Diane aliolewa, yuko Nemba, ana amani. Niyonzima naye aliona biashara. Anaipika mwenyewe stoo, kwa maji, pipi za magendo na ndizi chache za kutia harufu, anaijaza kwenye chupa za maji zilizookotwa stendi. Isiyochachuka anawauzia watoto. Mpaka Nemba inaagizwa, kwa sababu inasemekana ina baraka ya yule bibi. Na imepewa jina lake. Ukienda Mugoma siku ya gulio utasikia, "Nipe Kanyange, ya baridi." Tulipita huko pamoja, tukamkuta mlevi amelala mtaroni na matapishi yake, na mwenzake akatueleza bila kumtambua aliye mbele yake: "Kanyange huyo. Kanyange amemmaliza."

Kanyange mwenyewe alikata kona kuelekea ofisi ya kata, nami nikamfuata mbiombio.

"Shikamoo mama," Anatoli alisimama kumpisha kiti.

"Marahaba. Ulipozikataza zile pipi, ulitangaza vipi?"

"Nilibandika karatasi kwenye milango ya maduka."

"Bandika tena. Pipi zile sasa zimo kwenye chupa, na watoto wanazinywa."

Anatoli akavuta karatasi. "Niandike pombe ya Niyonzima?"

"Ukiandika hivyo hakuna atakayejua unasema nini. Andika Kanyange ni marufuku. Andika ni uchafu, inadhuru watoto, asiuziwe mtu."

Kalamu ikabaki hewani. "Mama, hilo si jina lako?"

"Ndilo," alisema. "Andika kwa herufi kubwa, hata walevi walisome."