Njia ya Kutolea Joto

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo.

Zama za Ujamaa nilikuwa fundi katika ushirika wetu wa redio, nyuma ya soko la Kariakoo. Kata ilituagiza amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ya mkutano wa hadhara. Aliyeiunda ni mwenzangu Selemani. Fyuzi, ile kinga ya kukata umeme ukizidi, ilikuwa ikikatika kila akiongeza sauti, basi akaitoa, akaunga waya mtupu. Na lile bati la kupooza joto la mashine akaling'oa, eti kasha lifunge vizuri.

Nilimkanya. Akacheka. "Dada Tatu, unaogopa nini? Watu wanataka sauti!"

Mkutano haujafika katikati, kasha likafuka moshi, kitambaa cha meza kikashika moto. Bi Zena, mkunga wa mtaa wetu, akakivuta kwa mikono mitupu kisiwaangukie watoto waliokaa mbele. Viganja vyake vikaungua vibaya.

Unajua Selemani alisema nini? "Jua la leo kali mno."

Jirani yangu Mwalimu Eliza, aliyefundisha elimu ya viumbe sekondari, alichuma jani la mwarobaini akamshikia Selemani mbele ya macho.

"Jua? Hili limeshinda juani tangu asubuhi, mbona halikuungua? Ukijani wake unakamata mwanga, unaupokezanisha mpaka panapotengenezwa chakula. Mwanga ukizidi, jani halilazimishi. Ziada linaigeuza joto, linaitoa nje. Wewe umeziba kila njia, halafu unalisingizia jua!"

Selemani aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kumpiga.

Vidole vya Bi Zena vilipona vimekakamaa, hakuzalisha tena. Selemani alipokwenda kumwomba radhi, Bi Zena alimjibu, "Nenda kafungue kila ulichokitengeneza, kwanza." Akaenda, nyumba kwa nyumba, Kariakoo mpaka Ilala, akirudisha fyuzi.

Ndiyo maana juzi, uliponiambia kwa majivuno kwamba chaja unazowaundia watu umezitoa kinga ili ziwahi kujaza simu, sikukusifu.

Kusanya nguvu kadiri unavyoweza, mwanangu, lakini kabla ya kuisifu kazi yako, iulize: kikizidi, kitatokea wapi? Kama huna jibu, usimpe mtu mkononi.

Haya, kazirudishe kinga zote. Mungu akupe akili tulivu, na kila nyumba itakayowasha kazi yako ilale salama.