Milimita Achagua Chuma cha Taulo

Waliosema kinyozi hajinyoi walikuwa wanasema kwa adabu tu. Wangemjua Milimita wangeongeza maneno. Huyu ni fundi bomba ambaye kwa miaka ishirini na mbili amewapasha watu joto bafuni mwao, na bafu lake mwenyewe ukiingia asubuhi ulitoka meno yakigongana. Lilikuwa upande wa nyumba usioona jua, sakafu ya vigae, na dirisha dogo la juu ambalo halikupata kufunga sawasawa tangu lilipotiwa. Maji ya moto yalikuwepo, hilo tusimwonee. Lakini ukishafunga bomba unabaki wewe na hewa, na hewa ya mle ndani haikuwa na huruma.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Pindo kwa kuwa kazi yake ni kupunguza suruali na kupandisha sketi, angeweza kuvumilia. Yeye anaoga mbio mbio na kutoka. Asiyeweza kukimbia ni mama mkwe, aliyehamia kwao miaka miwili nyuma baada ya nyonga kumsumbua. Pindo ndiye anayemwogesha, amemkalisha kwenye kigoda cha plastiki. Majira ya baridi yalipoingia, mama aliacha kuoga kila siku, ikawa mara mbili kwa wiki, kisha akaomba awe anapanguswa tu kwa kitambaa chumbani. Halafu akaanza kukohoa.

Wifi yake Pindo alikuja kumwona mama yake, akaingia bafuni, akagusa vigae kwa kiganja. Akatoka na neno moja: mwisho wa mwezi. Bafu likiwa bado hivi, mama anakwenda kukaa kwake.

Sasa wanaosema mama mkwe na mkaza mwana ni paka na panya hawakuwahi kuwaona hawa wawili. Pindo alifiwa na mama yake mzazi akiwa bado hajaota meno ya ukubwani. Huyu bibi ndiye anayekaa nyuma ya cherehani kila alasiri, kwenye kibanda kilicho mbele ya nyumba, akifumua mishono ya zamani kwa wembe, akimweleza nani ni nani katika ukoo na nani alimkosea nani. Pindo hakutaka aende. Ungemwuliza, angekwambia wazi kwamba mama akiondoka, nyumba hiyo itabaki na watu wawili na kelele za cherehani.

Na dawa ilijulikana. Kuna chuma cha kutundikia taulo, kimeundwa mfano wa ngazi, ambacho ukikiwasha kwa umeme kinapata moto, kinakausha taulo na kupasha chumba. Milimita amewafungia wateja wengi kiasi kwamba hawahesabu tena. Pindo alidhani ni suala la kwenda dukani na kurudi.

Mchagua jembe si mkulima. Jioni ya kwanza Milimita alileta vitabu vitatu vya picha kutoka madukani, akavisoma hadi chakula kikapoa. Vile vya kung'aa kama kioo, alisema, vinapendeza lakini havitoi joto kama vilivyopakwa rangi. Sawa, chukua cha rangi. Ngoja kwanza, kuna suala la urefu: mama anaoga ameketi, mkono wake usije ukagusa bomba la chini. Sawa, kiweke juu. Kikiwa juu sana joto halimfikii miguuni. Akapima chumba mara mbili, akapima mara ya tatu kwa sababu ile ya pili futi ilikuwa imelegea katikati.

Wiki ya pili alileta kimoja. Pindo alishusha pumzi. Milimita akafungua boksi, akapitisha kidole kwenye kiungo cha bomba la mwisho, akalifunga boksi na kukirudisha. Akaleta kingine. Hiki mabomba yake yalikuwa yamebanana, akasema ukitundika taulo nene litakifunika chote, taulo litapata moto na mama atapata baridi. Nacho kikarudishwa. Muuza duka, mtu mpole kwa kawaida, alifika mahali akimwona Milimita anavuka barabara anakumbuka ana shughuli stoo.

Pindo akaanza kupandwa na mori. Kila jioni akifunga kibanda alimkuta mumewe amepiga goti bafuni, penseli sikioni, na kila jioni akamkuta palepale alipomwacha. Alianza kwa kumbembeleza, akaja kwenye mzaha, akamkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kufika wiki ya tatu mzaha ulikuwa umeisha. Waligombana humo humo bafuni, wamesimama kwenye vigae baridi, mmoja kashika futi na mwingine kashika kiuno. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne.

Jumatano hiyo mwalimu mmoja alileta sketi ipandishwe. Alikuwa na furaha, na alitaka kuigawa. Akamwambia Pindo mumewe ana mkono wa dhahabu: Jumatatu tu amewafungia chuma cha taulo, kazi haikuzidi saa mbili, hata vumbi hakuacha. Pindo alitabasamu kama inavyompasa mtu wa biashara. Mwalimu alipotoka, akashona pindo la sketi ile mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho, ikabidi alifumue lote.

Kuingia ndani hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja bafuni.

"Kwa mwalimu ulitumia saa mbili."

"Kwa mwalimu nilifunga alichonunua mwenyewe."

"Na kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Basi mama yako ana kosa gani?"

Milimita aliikunja futi polepole. "Watu wengine nikikosea wananipigia simu, nakwenda narekebisha," alisema. "Huyu hatanipigia. Atakaa na baridi yake, na ataniambia nimefanya vizuri."

Lilikuwa neno la kweli, na siku nyingine Pindo angelisikia. Siku hiyo maji yalikuwa yamezidi unga. Akamwambia, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kwamba dada yake na aje amchukue. "Nimechoka," akasema. "Nimechoka na mama yako na bafu lake."

Hakuwa na maana hiyo. Alijua hivyo kabla hajafunga mdomo, lakini hasira ni hasara, na aliyeumia wala hakuwa mle ndani.

Kesho yake Milimita alirudi mchana na chuma cheupe, mabomba yameachana vizuri. Akakifunga, akaziba na lile dirisha. Kazi nzima ilichukua saa mbili. Jioni bafu lilikuwa na joto mpaka kioo kikatoka jasho. Pindo alisimama katikati amefumba macho. Alikuwa ameshinda, na siku mbili zilikuwa bado mkononi.

Jumamosi wifi alifika. Pindo alikuwa ndani anamwogesha mama, naye mama alioga kwa muda mrefu, bila kukohoa, kisha akaenda chumbani kuvaa. Wifi akagusa vigae kama mara ile, akageuka akasema hana neno, mama anaweza kubaki.

Mama akatoka chumbani, kavaa nguo za safari. Akaomba begi lake, akarudi ndani.

Pindo akamfuata chumbani, akamkuta anakunja khanga.

"Mama, si kuna joto sasa?"

"Lipo. Zuri kabisa."

"Sasa?"

Mama aliendelea kukunja. "Baridi nilikuwa naiweza, mwanangu. Ila kitanda changu kiko nyuma ya ukuta ule. Kila jioni mnagombana kwa ajili yangu. Na Jumatano nikasikia umechoka."

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Najua. Ndiyo maana naondoka leo, tukiwa bado tunapendana." Akampa begi alibebe.

Gari lilipoondoka, Milimita alikuwa bafuni, kaweka kiganja juu ya bomba. Aliuliza mama amesema nini. Alikuwa na hakika ni urefu: kimekaa juu mno, au chini mno, na yeye alijua tangu mwanzo.

Pindo alisimama mlangoni.

"Amesema kuna joto zuri kabisa," akamwambia.

"Kweli?"

"Kweli. Hujakosea popote."

Akamwacha hapo, akaingia chumba cha mama, akaketi kwenye kile kitanda kisicho na shuka. Haukupita muda akamsikia mumewe upande wa pili akivuta kamasi, kwa siri, kama mtu asiyetaka kusikika. Alimsikia kana kwamba wameketi kitanda kimoja.